Maji ya Ziwa Ndani ya Betri

Nakumbuka, mwanangu, kiangazi kimoja pale Baraka, ziwa limetulia hata unahesabu mawe chini ya maji. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Mimi kijana, kazi yangu kutunza pikipiki ya mganga wa dispensari: kufuta vumbi, kukaza mnyororo, kuongeza maji ya mvua ndani ya betri. Maji hayo tuliyakinga masika katika chupa kubwa. Mwaka ule nilifanya uvivu wa kukinga (uvivu wa ujana ni mtamu, usinidanganye kwamba huujui), chupa ikakauka mapema. Nikatazama ziwa. Sisi watu wa Baraka tunalinywa, tunaliogea, tunalisifu. Betri ni nani hata ilikatae? Nikachota, nikatia, wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja akaja mtu kutoka Nundu, kijiji cha mbali kando ya ziwa. Dada yangu Maria, aliyeolewa huko, alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto hatoki. Mganga akapiga kiki. Kimya. Taa ya mbele ikawa nyekundu kama kaa linalozimika, kisha ikafa.

Akaitwa Baba Wilondja, fundi aliyejifunzia kazi kwenye meli za ziwani. Aliniuliza polepole nilitia maji gani. Nikasema ya mvua. Neno dogo namna hiyo. Kwa kuniamini, akaiacha betri, akafungua dinamo inayoijaza betri umeme, akaisafisha, akakaza nyaya, akaifunga tena. Akaunga taa ndogo kwenye dinamo, tukasukuma pikipiki, taa ikawaka vizuri, lakini injini ikakataa. Jua lilikuwa limefika utosini. Ndipo akafungua vifuniko vya betri, akachungulia, akanitazama.

"Dinamo iko muzima. Mi nimeifungula bure. Ulitia maji gani, mutoto?"

"Ya ziwa, baba."

Hakunipiga. Laiti angenipiga.

"Maji ya ziwa iko na chumvi yake, inakula betri. Lakini chuma haina kinywa. Kinywa yake ni wewe. Ungesema kweli, muganga angepanda mutumbwi tangu asubuhi."

Mganga akapanda mtumbwi saa ileile, akafika Nundu jua likizama. Alimwokoa dada yangu. Mtoto alikuwa ameshakwenda. Alikuwa wa kike. Wangempa jina la mama yetu.

Mpaka leo, nikikaa ufukweni mchana wa kiangazi, nauona mtumbwi ule ukififia, ukififia, nami nimesimama na chupa tupu mkononi. Baada ya miaka mingi nilimwambia dada yangu kweli. Akaniwekea ugali, tukala.

Mwanangu, mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio kile hakikuwa changu peke yangu. Kuharibu kitu humpata kila mtu. Lakini fundi akikuuliza, au mganga, au mke wako, jibu kweli kabla hajaifungua dinamo. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na chupa safi ya kuikingia. Na siku utakapokosea, akupe kinywa chepesi cha kusema: ni mimi.