Tausi wa Mama Mkwe Siku ya Ubatizo

Kama umewahi kusikia habari za mwanamke aliyemvalisha mtoto kitambaa cha kochi siku ya ubatizo, mwanamke mwenyewe ni mimi, na afadhali uisikie kwangu, maana wifi yangu Neema akiisimulia anaongeza chumvi mpaka inakuwa mboga nyingine. Aibu niliipata, sikatai. Lakini ngoja nianze na nepi zangu, kwa sababu zenyewe hazikuwa na kosa.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, naishi Mbeya na mume wangu ambaye kwao ni Iringa, na kama kuna kazi ninayoijua ni kufua nepi. (Nyie wa pampasi tulieni, sijaanza kuwasema.) Choo naondoa kwanza, nasuuza na maji baridi kabla sabuni haijagusa, maana ukikimbilia maji ya moto doa linang'ang'ania, halafu ndiyo sabuni ya mche, halafu nachemsha, naanika juani, napiga pasi. Zikiwa kwenye kamba majirani wananiuliza natumia dawa gani, na mimi najibu ni mikono tu, na jibu hilo linanitosha kwa chakula cha siku nzima.

Sasa Pasaka tukaenda Kihesa, pale Iringa, kwa mama mkwe, ili Atupele wetu abatizwe Jumatatu ya Pasaka kwenye usharika aliobatizwa baba yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pale na mtoto, na mwenzenu nilitaka kitu kimoja tu, mama mkwe aone kwamba mwanawe hakukosea kuoa mbali. Akatupokea vizuri kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, kamwene," akambeba mjukuu wake, halafu akanionyesha pakiti ya pampasi aliyoiweka kitandani.

"Nimekununulia hizi, mwanangu. Na mvua hii, usijitese na matambara."

Hilo neno matambara likanichoma. Nikamrudishia pakiti kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikasema, "Asante mama, ila kwetu mtoto anavaa nepi." Neema akanitazama, kisha akatazama dirishani mvua inavyoshuka. Mama akaipeleka pakiti chumbani kwake.

Mvua ya Iringa haikujali kwetu ni wapi. Ilinyesha Jumamosi, ikanyesha Jumapili, na Atupele naye (alikuwa anaota meno) tumbo likafunguka, ikawa kila nikianua nepi mbichi yeye anadai nyingine. Nilizitundika jikoni juu ya mkaa zikanuka moshi, nikazipiga pasi zikatoa mvuke tu. Jumatatu asubuhi watu wako nje wanatuita, mtoto kashavaa gauni lake refu jeupe, akajisaidia, na nepi kavu hakuna hata moja.

Hapo mtu mwenye akili angegonga mlango wa mama mkwe na kusema, "Mama, naomba ile pakiti." Basi, yangeisha. Mimi nikatazama sebuleni. Kila kochi lilikuwa na kitambaa chake cheupe cha pamba kilichodariziwa tausi, mama alividarizi mwenyewe enzi za uchumba wake, na kile cha kochi la pembeni, nyuma ya mlango, nikaona hakina mtu wa kukiangalia. Nikakikunja pembetatu. Kilimkaa mtoto vizuri mno, nikajisifu kimoyomoyo, nikasema tukirudi nakifua, nakikausha, nakirudisha, nani atajua. Kumbe kwa haraka zangu pini ilishika nyuzi za darizi, kitambaa chenyewe haikukigusa. (Chupi ya plastiki ya kuvalia juu nayo ilikuwa kwenye beseni, msiniulize.)

Tukasimama mbele ya kanisa, mimi nimembeba mtoto, mume wangu pembeni yangu, mama na Neema nyuma yetu, watu wamejaa mpaka nje. Mchungaji akachota maji, na maji yalikuwa ya baridi kweli, yalipomgusa Atupele kichwani akajinyoosha na kupiga mateke kwa nguvu zake zote. Nikasikia kitu kinateleza mkononi mwangu. Kikaanguka miguuni pa mchungaji, na wala hakikuanguka kisafi.

Hata hapo ningepona, kama si mzee wa kanisa mmoja mwenye roho nzuri, aliyedhani ni kitambaa cha kumfutia mtoto maji. Akainama, akakiokota kwa ncha mbili, akakinyoosha ili anipe. Tausi akafunguka mbele ya usharika mzima, mkia wa kijani na bluu, na chini ya mkia mambo mengine ambayo mama hakuyadarizi.

Halafu Neema, ambaye hakujaliwa kipaji cha kunong'ona, akasema, "Mama, huyu si tausi wetu?"

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikamtazama mume wangu, naye anatazama dari. Ndipo mama mkwe akapita mbele. Akakipokea kitambaa kwa yule mzee, akakikunja uchafu ukaingia ndani, akakitia kwenye mkoba wake mpya wa Pasaka, kisha akavua kitenge cha mabegani kwake akamfunga nacho mjukuu wake.

"Endelea, mchungaji," akasema. "Mtoto anapata baridi."

Nyumbani wageni walikula pilau, mimi sikukaa. Nikautoa uchafu wangu mkobani, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachutama na beseni. Nilikuwa nalia, sitaficha, lakini mikono ilikuwa inajua kazi yake, maji baridi kwanza, sabuni baadaye, taratibu kwenye nyuzi ili rangi isichuje. Nilipoinua macho mama amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Ungeniomba," akasema.

"Niliona aibu, mama."

"Na sasa huoni?"

Nikainamia beseni tena. Akavuta kigoda akakaa, akaniangalia nikisuuza. "Nani alikufundisha kuanza na maji baridi?"

"Mama yangu."

Akaguna kidogo, akarudi kwa wageni.

Kesho yake jua likawaka bila hata aibu. Nilipokirudisha kitambaa kwenye kochi nilishtuka mwenyewe, kilikuwa cheupe kuliko vyote, na wenzake ghafla wakaonekana kama wamelala jikoni. Mama akasimama katikati ya sebule, akaviangalia kimoja kimoja. Kisha akavivua vyote kwenye makochi, akavitia kwenye beseni, akaniletea miguuni.

Nikavifua. Mchana jirani mmoja akapita, akasimama kuitazama kamba, akauliza vitambaa vipya vile vimenunuliwa lini. Mama alikuwa anachambua maharage, hata kichwa hakuinua.

"Si vipya," akasema. "Amevifua mkwe wangu. Mnyakyusa."

Tangu hapo nimeapa, nikiishiwa naomba, hata kama ni kwa mtu niliyemkatalia jana yake, na kochi la watu silivui nguo tena. Lakini yale maneno ya mama nilirudi nayo Mbeya, na siku mikono ikichoka kusugua huwa nayasema peke yangu, kwa sauti, mpaka Atupele anageuka kunitazama.