Mama Kati ya Majani

Mama alipokuja kunitembelea Stockholm, nusura nimuue kwa ajili ya picha. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu wanawake na mimea katika michoro ya maisha ya kawaida ya Marekani, ile ya karne ya kumi na tisa. Kutwa niliwatazama: huyu anachuma maua, yule ameinama kondeni na kikapu, jua limemwangukia shingoni. Wote wasafi. Hakuna aliyechomwa na mwiba, hakuna anayeumwa mgongo. Mchoraji amewageuza kuwa sehemu ya shamba, na mimi na mdomo wangu nilikuwa nimejaza kurasa nzima nikimlaumu.

Jumamosi moja tukateremka ziwani, si mbali na kwangu, mtaa wa Hallonbergen. Mama akaona majani kando ya maji, uso ukamchangamka. "Si haya ni managu!" Akafunga leso kiunoni, akaanza kuchuma mboga hiyo chungu ya kwetu. Nami nikatoa simu, nikapiga picha moja baada ya nyingine.

Jioni akayapika kwa kitunguu na maziwa. Kwetu mpishi ndiye huonja kwanza, naye akala vijiko vitatu vizima huku mimi nikiwa mezani nachagua picha nzuri. "Haya ni machungu kupita kiasi," akasema. Nikamjibu bila kuinua macho kwamba managu yamekuwa matamu lini, mama. Kabla sijapakua, alikuwa anashika koo. Kisha akatapika. Kisha miguu ikakataa kumbeba, nami nikaogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa.

Nilipopiga simu ya dharura ya waliokula sumu, muuguzi aliniuliza kwa Kiswidi majani yalikuwa na umbo gani, yalikuwa na maua au la. Nikafungua picha. Mama alionekana vizuri mno, mpaka mikunjo ya leso. Majani yote yalikuwa ukungu wa kijani. Nikasema sijui, na ambulensi ikatumwa.

Siku ya tatu hospitalini aliweza kuketi. Nikamuuliza, yeye aliyechuma managu tangu utotoni, alikosea vipi.

"Nilishuku mapema, mwanangu," akasema polepole. "Nikataka kulivunja jani nilinuse. Ukaniambia, mama, usitikisike, umependeza hapo. Nikatulia."