Unga wa Lesithini Niliowamwagia Kuku

Hii habari inanitoa mimi mjinga, na naisema mwenyewe kabla jirani hajaisema, maana yule anaongeza chumvi. Lakini hasira yangu iko palepale mpaka leo.

Wakati ule Nyamwaga yote imechizi dhahabu. Mashamba yameachwa, wazee na mikongojo yao wanaponda mawe. Mimi nilikuwa kibarua kwenye elusheni, kule mchanga wa dhahabu unalowekwa kwenye matangi ya dawa. Dawa inakula dhahabu, inatoka nayo chini kama maji. Mchanga unaobaki tunatupa. Kwa hiyo mimi kichwani nina sheria moja: mali inaondoka na maji, takataka inabaki.

Mama yangu alikataa kabisa mambo ya mashimo. Alipanda soya mpaka sehemu ya mahindi, kwa sababu dada mmoja, mkemia wa pale elusheni, alimwahidi kumletea mnunuzi.

Yule dada alikamua soya ya mama kidogo, akachanganya mafuta na maji moto, ikatuama gundi nzito ya kahawia. Ndiyo lesithini. Ndani yake kuna fosfolipidi, vitu ambavyo viwanda vya dawa vinavililia, ila vimeshikana na mafuta. Mnunuzi alitaka kuviona safi kwanza, chupa moja tu, ndipo achukue soya yote.

Nikaenda kwa dada kumsaidia; alikuwa na kopo nene la chuma na mtungi wa gesi, ileile inayotoa povu kwenye soda.

"Ukiigandamiza sana," akaniambia, "halafu ukaipasha kidogo tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto, haiwi gesi wala haiwi maji. Inapenya kila mahali, inayeyusha ma..."

"Dada, hiyo ni elusheni tu, imevaa suti. Usinichoshe!"

Akacheka. Na mimi mtu akicheka, basi najiona profesa.

Tukatia gundi, akafungulia gesi, kopo tukalilaza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Mshale wa geji ukapanda mpaka nikajificha nyuma ya mlango. Akafungua koki taratibu, yakatoka mafuta ya njano, tone kwa tone, yanang'aa. Akarudia, akarudia, mpaka mtungi ukaisha. Simu ikaita. Mnunuzi yuko stendi.

"Fungua kopo, mali weka kwenye chupa, osha vyombo. Namfuata."

Nikafungua. Ndani umebaki unga mkavu, mweupe-mweupe, umekaa chini kama mchanga wa tangi. Nikaukung'utia kuku wa pale uani. Wakaushambulia kama wametumwa. Yale mafuta ya njano nikayatia kwenye chupa, nikaifuta na shati langu.

Mnunuzi akainua chupa juani. "Haya si mafuta ya kukaangia?"

Dada akanigeukia. "Unga uko wapi?"

Nikawaonyesha kuku.

Hakuna aliyecheka. Mtungi mwingine mpaka Mwanza, na mnunuzi gari lake lilikuwa linaelekea Sirari, mpakani. Akashukuru kwa chai ambayo hata hakunywa, akaondoka.

Nilimkasirikia yule dada, acha! Angesema "unga", angekufa? Ukiwa na darasa la saba watu wanakupa ndoo, hawakupi maelezo. Halafu nikakumbuka alikuwa ananieleza kwamba gesi inayeyusha mafuta, yanatoka, mali inabaki; mimi ndiye niliyemkata. Hasira ikakosa pa kwenda. Nikaipiga ndoo teke, kidole gumba kikavimba.

Nikafika nyumbani kwetu nachechemea. Dada alishapiga simu.

"Shikamoo mama."

Alikuwa amekaa juu ya gunia la soya.

"Mura, kijana wangu," akasema, "kesho unaanza kukaanga na kutwanga. Tutakunywa uji wa soya asubuhi na jioni, mpaka magunia yaishe. Na kila kikombe utaniuliza swali moja, uzoee."