Kesho Msimsalimie

Kahawa maganda ikikaa juani siku ya tatu hutoa harufu kama ya pombe inayoanza kuchacha. Kila niipatapo naiona njia ya kwenda shule ya Kanoni, na mgongo wa mdogo wangu Kemi akitembea mbele yangu.

Wazazi wetu walikuwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, tukabaki na bibi. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa darasa la sita. Kemi alikuwa na miaka saba, hasemi, hataki kuguswa. Neno usonji, jina la hali yake, tulilipata kwa mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, katika shule hiyo ya Kanoni, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu. Mwenye bodaboda aliyepakia watoto wanne kwa safari moja alimchukua siku mbili. Siku ya tatu akamshusha mlangoni, akanionyesha alama za meno mkononi.

"Huyu mpelekeni kwa miguu. Mimi bado nataka kuoa."

Nikampeleka kwa miguu. Nilikaa nje ya darasa lake mpaka mchana, nikamrudisha. Shule yangu ilikuwa upande mwingine wa kilima. Hakuna aliyeniambia niache. Niliacha tu, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai ikiisha.

Mwaka uliofuata bibi akawa wa kitandani, shamba likawa langu, sikuweza tena kumpeleka Kemi. Mwalimu akasema Kemi aje peke yake, la sivyo akae nyumbani. Njia aliijua. Shida ilikuwa salamu. Kwetu mtoto hampiti mtu mzima bila shikamoo. Akipita hushikwa mkono mpaka aitoe. Na Mama Adela, aliyeanika kahawa kando ya njia, alikuwa hodari wa kushika. Siku ya kwanza Kemi alipokwenda peke yake alishikwa, akajitupa chini, akagonga kichwa kwenye mawe. Nilipofika, Mama Adela alikuwa analia kuliko yeye.

Jumapili baada ya ibada nikapita nyumba kwa nyumba, kuomba jambo lililonitia aibu.

"Shikamoo, mama. Kesho Kemi akipita, naomba msimsalimie. Wala msimtazame."

"Sasa nifanye nini?" akauliza Mama Adela. "Nijifanye mgomba?"

"Ndiyo, mama."

"Mgomba wa kupika au wa pombe?"

Jumatatu nilimfuata kwa mbali, nimejificha shambani mwa watu. Njia nzima iligeuza mgongo. Mama Adela alisimama juu ya turubai lake, uso kwenye ua, mikono imenyooka kama aliyekamatwa na polisi. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akaangalia kichaka. Kumpa mtu mgongo, kwetu, ni tusi. Kemi alipita katikati ya matusi hayo, akichezesha vidole vyake, akaingia getini. Hakugeuka.

Nilisubiri nifurahi. Furaha haikuja. Nilirudi nikakata majani makavu ya migomba hadi jioni, na kesho yake tena. Wenzangu wakafanya mtihani wa darasa la saba. Niliwaona wakipita na kalamu zao, nikawapungia panga.

Leo Kemi ni msichana mkubwa. Huenda sokoni peke yake na kurudi na chumvi. Watu bado hawamsalimii, nao wageni hudhani ana ugomvi na kijiji kizima.

Mwaka jana nilikuwa nikimsaidia Mama Adela kujaza magunia. Akasema, bila kunitazama: "Jumapili ile ulipokuja kumwombea Kemi, tulidhani utaomba na lako. Tulikwishapatana. Wanaume wangelima shamba lenu kwa zamu, sisi tungekaa na bibi yako, wewe urudi shule. Tukangoja useme."

"Kwa nini hamkusema nyinyi?"

"Ungeona tunakudharau. Ulikuwa umesimama pale kama baba mwenye nyumba."

Nikafunga gunia. Jumapili ile nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilidhani mkubwa ni yule anayewaombea wengine, basi.