Akina Argoni Saba wa Mtaa Wetu

Natangaza rasmi, kwa niaba ya Kamati Kuu ya Majina ya Watoto wa Kiume, Garissa, kwamba kufikia Desemba 1996 jina lililovuma kuliko yote mtaani kwetu lilikuwa Argoni.

Kamati ilikuwa na mwanachama mmoja. Mimi, Deeq, kidato cha tatu, shule ya bweni, alama kumi na moja kwa mia kwenye Kemia.

Siku ya chanjo, muuguzi aliita, "Argoni!"

Wakasimama akina mama saba, kila mmoja na mtoto wake.

Wakatazamana. Halafu wote wakanigeukia mimi.

Ngoja nieleze.

Shangazi yangu Bilan, ambaye kwa Kisomali chetu namwita Eddo, alikuwa amezika wavulana wawili, wote wachanga. Aprili akajifungua wa tatu. Mkesha wa siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, mbuzi tayari amefungwa uani, akaniita.

"Deeq, wewe umesoma. Nitafutie jina ambalo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuitwa. Mauti yakija, yasijue pa kumtafuta."

Mtu mwenye akili angempeleka kwa sheikh. Mimi nilifungua daftari la Kemia.

"Argoni," nikasema, kwa sauti ya imamu. "Mfalme wa zamani kule Yemeni. Aliishi miaka mia na nne."

"Arguun."

"Siyo hivyo, Eddo. R iviringe. O iache wazi."

Akarudia, akarudia, mpaka machozi yakamtoka. Nilidhani ni ugumu wa matamshi.

"Niapie hutampa mtu mwingine."

"Wallahi."

Mtoto akaishi. Akanona, mashavu kama mandazi.

Mwezi wa nane nikiwa likizo, jirani yetu Rukiyo, aliyejifungua mvulana wiki hiyo, akaja na kibuyu cha maziwa ya ngamia. "Wanasema wewe ndiye uliyempa mtoto wa Bilan hilo jina analolificha. Nipe na mimi."

Ningeweza kutafuta jina lingine. Nilikuwa mvivu, na maziwa yalikuwa matamu. Nikampa Argoni, nikaapa ni lake peke yake, nikamwonya asilitamke nje ya nyumba kabla mtoto hajatembea.

Baada yake wakaja wengine watano. Maziwa, sambusa, sifa. Kila mmoja nilimwapia na kumwonya vilevile. Kila mmoja nilimfundisha kuviringisha R. Maze, nilijiona profesa.

Sasa turudi zahanati.

Muuguzi alikuwa mgeni kutoka Machakos, Kisomali hajui. Mkalimani wake siku hiyo? Mimi.

"Hawa wote Argoni?" akaangua kicheko. "Kwani hawajui hiyo ni gesi? Nani amewadanganya waite watoto gesi?"

"Anasema nini?" Rukiyo akauliza.

Nikatafsiri bila kupepesa jicho: "Anasema hajawahi kusikia jina zuri hivi."

Wakatabasamu. Eddo Bilan hakutabasamu.

"Tafsiri tena," akaniambia, kwa Kiswahili. "Mimi nausa masiwa soko miaka kumi na mbili. Watu ya Machakos nabishana na yeye kila siku. Gesi mimi nasikia."



Nikatafsiri, safari hii neno kwa neno. Hakuna aliyenitukana. Rukiyo alimfunika mwanawe uso kwa shela, kana kwamba nimemtemea mate. Afadhali angenipiga kwa kiatu.

"Hiyo gesi," Eddo akauliza polepole, "inaua?"

Sikujua. Ilibidi nimuulize muuguzi.

"Hapana, haina madhara. Imo kwenye hewa, tunaivuta kila siku."

Nikawaeleza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

"Kwa hivyo ulimpa mwanangu jina ambalo hata wewe hulijui."

"Ndiyo, Eddo."

"Na hawa wote uliwaapia?"

"Ndiyo."

Akamgeukia muuguzi. "Futa."

"Niandike nani?"

Eddo akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.  Akatoka pale akimkumbatia mtoto asiye na jina, na mimi nikabaki nimeshika kadi yake.

Ndugu msomaji, mama aliyezika akija kwako na ombi, weka utani pembeni. Ukishindwa, sema umeshindwa.

Na kuna jambo ambalo hata siku ile sikulitafsiri. Niliapa mara saba, na mara zote saba nilikuwa nacheka moyoni. Hata mara ile ya kwanza, Eddo alipokuwa analia mbele yangu.