Mtani Aliyenyamaza

Mimi si mtu wa kucheka hovyo. Muulizeni mume wangu. Kwa hiyo Kaliova alipopewa meza iliyotazamana na yangu pale gazetini, miaka kumi na tisa iliyopita, alinichunguza uso siku mbili tatu, kisha akasema, "Dada Sumintra, wewe ndiye mizani yangu. Ukicheka wewe, mji mzima wa Suva utacheka."

"Na nisipocheka?"

"Nitafuta, nianze upya."

Basi akawa anafuta. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kufungua barua za wasomaji, naye kazi yake ilikuwa kile kisanduku cha chini kabisa, ukurasa wa tatu, kidogo kama kipande cha sabuni, ambacho kilitakiwa kiwe tayari saa tisa alasiri kila siku isipokuwa Jumapili.

Watu hudhani kazi ya katuni ni kuchora. Wapi! Kuchora, Kaliova alimaliza kabla chai yake haijapoa. Kasheshe ni kuchekesha, tena kila siku, tena Jumatatu. Huyu anafungua gazeti mdomo umejaa mkate. Yule jana kamzika mama yake. Mwingine mvua imelaza miwa yake yote. Wote hao unawapa kisanduku kimoja, halafu unataka wacheke. Asubuhi Kaliova alikuja na vichekesho vitatu kwenye karatasi chakavu, ananiwekea mbele kimoja kimoja, hasemi neno. Nikisema "naona," anakichana. Kwake neno "naona" lilikuwa cheti cha kifo. Na kueleza hakueleza hata siku moja. "Kichekesho ukikieleza," aliniambia, "kinakuwa mahubiri."

Aliyekuwa akimwokoa ni Taito. Taito alikuwa mtu wa kuchorwa tu, tumbo la mbele, miguu myembamba, shuka yake ya sulu imefungwa juu ya kitovu, na nchi nzima ilijua ni mtu wa kijiji cha Natokalevu. Kaliova mwenyewe ni wa Delaivuna. Na Delaivuna na Natokalevu ni watani tangu mizimu yao ilipokuwa ndugu. Mtu wa Natokalevu akiingia kwako anaweza kuondoka na kuku wako mchana kweupe, nawe huna la kufanya ila kungoja siku yako ukamchukulie nguruwe. Matusi kwao ni salamu. Kukasirika ndio mwiko.

Kwa hiyo Kaliova alimchora Taito bila kupepesa macho. Imetangazwa tufani, watu wanakimbia na magodoro na redio, Taito anakimbia na mfuniko wa sufuria peke yake. Anaulizwa, sufuria yenyewe iko wapi? "Iko kwako, ndiyo naifuata." Siku nyingine Taito yuko msibani, analia mpaka anashikiliwa na watu wawili. Anaulizwa, marehemu alikuwa nani wako? "Bado sijaambiwa. Chakula kimeshatoka tanurini?" Hapo nilicheka hadi nikakata simu ya mtu.

Na waliocheka kuliko wote walikuwa Natokalevu wenyewe. Mama Vasiti, anayeuza majimbi sokoni, alikuwa akipiga simu kabla sijakaa vizuri kitini.

"Sumintra, mwambie huyo mla popo wa Delaivuna kwamba Taito ni mnene kwa sababu kwetu kuna chakula. Kwao wanakula nini? Upepo?"

"Nitamwambia, mama."

"Na mwambie pua amekosea. Pua zetu nzuri. Ile ni yake." Kisha anakata.

Halafu ikaja barua kutoka Brisbane. Nimeifungua mimi kwa mikono yangu, na laiti ningeipoteza. Karatasi nzuri, maneno mazito. Mwandishi alisema asili yake ni Natokalevu, na kwamba gazeti letu linaidhalilisha jamii yake kwa kuwaonyesha kama walafi na wavivu, na tusipoacha atalifikisha jambo mbele. Nikaipeleka kwa Bi Arieta, mhariri wetu mpya, wiki tatu tu kwenye kile kiti. Si mtu mbaya, tusimwonee. Ni mtoto wa mjini, kasomea ng'ambo, na mhariri mpya huogopa hata kivuli cha barua.

Akamwita Kaliova. Mlango wa ofisi ile haufungi sawasawa, kwa hiyo nilisikia, na hata ungefunga ningesikia.

"Mjomba Kaliova, mimi binafsi Taito ananichekesha."

"Lakini," akasema Kaliova.

"Lakini. Mwache huyo wa Natokalevu. Chora mtu yeyote tu, asiwe wa mahali popote."

"Wale ni watani zangu, mwanangu."

"Najua. Na huyu aliyeandika je?"

"Huyo kazaliwa ugenini."

"Ndio hao wanaoshtaki." Kisha nikamsikia akishusha sauti. "Kuna jingine. Wakubwa wanaitaka ile nafasi waweke chemshabongo. Nimewaomba tungoje mpaka mwisho wa mwezi, tuone kama wasomaji bado wanacheka. Wakicheka, kisanduku ni chako. Wasipocheka, sitakuwa na la kusema."

Kaliova alirudi mezani akakaa. Ana miaka hamsini na saba, na hajui kazi nyingine zaidi ya hiyo. Akanoa penseli ambayo ilikuwa imenolewa tayari.

Basi akaanza kumchora huyo mtu wa mahali popote. Ee Mungu wangu! Mtu hana tumbo, hana pua ya kutazamika, kavaa shati. Siku ya kwanza alisimama mbele ya shimo la barabarani, na ndani ya shimo kuna bata anaogelea. Kaliova akaniwekea. Nikatazama.

"Naona," nikasema, halafu nikauma ulimi.

Hakukichana. Saa ilikuwa imekwenda. Akakipeleka hivyo hivyo, na kesho yake akachora bei ya vitunguu, na keshokutwa akachora mvua, na jamani, Suva nani hajui mvua? Kosa halikuwa la mkono wake. Yule mtu hakuwa na kwao. Hana shangazi, hana jirani anayemwonea wivu, hana chakula anachokipenda kupita kiasi. Sasa utamcheka kwa lipi? Na kuhamia kijiji kingine Kaliova hakuweza, maana kumchora hivyo mtu asiye mtani wako ni tusi la kweli, la kuombea radhi kwa kupeleka jino la nyangumi.

Siku ya tisa nilijaribu kumsaidia. Alipoweka karatasi mbele yangu nikacheka. Nikacheka vizuri tu, kwa maoni yangu.

"Dada," akasema, wala hakukasirika, "usinihurumie. Kicheko cha huruma nakijua. Kinaanzia puani."

Nilikwenda chooni nikalia. Sioni aibu kusema. Miaka kumi na tisa mtu anakuchekesha, halafu unakaa mbele yake unamtazama akizimika, na huna hata kicheko cha kumpa.

Simu nazo zikakatika. Mama Vasiti hakupiga wiki ya kwanza, hakupiga ya pili. Hakuna aliyepiga, si wa kusifu wala wa kulaumu. Bi Arieta alipita kila jioni kwenye meza yangu akauliza, "Leo?" Nami nikatikisa kichwa. Ya wahenga ndiyo hayo, kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo niliokuwa nikiungoja ni ule wa Kaliova kukusanya kalamu zake kwenye kopo.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, saa tano asubuhi, wakaingia watu wanane mlango wa mbele. Wanaume wamevaa sulu za heshima, wanawake wameshika vipepeo vya ukindu, na wa mbele kabeba mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, imefungwa kwa utepe. Hawakusalimia kwa kelele. Hawakukaa kwenye viti. Walikaa chini, safu mbili, wakainamisha vichwa. Katikati yao nikamwona Mama Vasiti, na siku ile hakuwa na utani usoni hata chembe.

Natokalevu, nikajua. Wamekuja kudai. Nikakimbia kwa Bi Arieta.

"Wangapi?" akauliza.

"Wanane, na yaqona."

Akainuka. "Mwite mjomba."

Kaliova alikuja akifuta wino vidoleni. Alipowaona, akakaa chini palepale alipofika. Bi Arieta akakaa nyuma yake na sketi yake ya ofisini. Sakafu ilikuwa na maji ya mvua waliyoingia nayo wateja, nikachukua rundo la magazeti ya jana nikawatandikia wageni, kisha nami nikakaa. Msemaji wao, mwanamume mwembamba mwenye mafua, akasogeza mizizi mbele kwa mikono miwili.

"Tumekuja tukiwa chini," akasema. "Hatujui tulichowakosea watu wa Delaivuna. Huu karibu mwezi hamjatutukana. Tumekaa kikao kijiji kizima, tumeulizana: nani kawachukulia kitu kisichochukulika? Nani katamka neno baya kwenye msiba wao? Hatukupata. Lakini mtani hanyamazi bure. Kosa letu liwe lolote, tunaomba mtusamehe."

Mimi nilidhani nimesikia vibaya.

Mama Vasiti hakuweza kujizuia, ingawa haikuwa zamu yake. "Mjukuu wangu ananisomea gazeti kila asubuhi," akasema. "Juzi kaniuliza, bibi, kwani yule mtu wa Delaivuna amekufa? Nikamwambia hapana, yuko hai. Sisi ndio tumekufa kwake." Akaanza kulia, machozi yanamshukia naye hayafuti.

"Kosa ni langu," akasema Bi Arieta nyuma. Akasema yote: barua ya Brisbane, katazo lake, mwisho wa mwezi. "Mjomba hana kinyongo na mtu. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Taito arudi kesho, na chemshabongo itafute pengine pa kukaa. Wakubwa nitawaambia wasomaji wamekuja wenyewe, kwa miguu yao."

"Brisbane?" akauliza msemaji. "Atakuwa mtoto wa Emori huyo. Tuachieni sisi. Akija Krismasi atapikiwa, ashibe, halafu afundishwe."

Lakini Mama Vasiti alikuwa hamsikilizi. Alikuwa akimtazama Kaliova, ambaye tangu aketi hajafungua mdomo. Kichwa kilikuwa chini na mabega yakimtikisika.

"Wewe," akamwita. "Kweli huna kinyongo?"

Kaliova akatikisa kichwa.

"Basi sema kitu, mwanangu. Usituache hivi."

Akajivuta mbele. Akaichukua ile mizizi, akaipima mkononi, akaigeuza huku, akaigeuza huku. Akainusa. Akawatazama wote wanane, mmoja mmoja, macho mekundu, makamasi yanamtoka.

"Watu wanane," akasema polepole. "Mmetoka Natokalevu, mmepanda basi, watu wazima wanane, kuja kuniletea mswaki?"

Msemaji alikuwa wa kwanza kuanguka kwa kicheko, kisha safu nzima, kisha mimi, nikashika ubavu, nikalalia magazeti. Bi Arieta alikuwa amejifunika uso. Na Mama Vasiti, machozi bado yanatiririka, akawa anampiga mwenzake begani kwa kipepeo na kupiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama kuchungulia.

"Katutukana! Jamani, mmesikia? Katutukana!"