Matanga ya Profesa Kule Kabuta

Enzi zetu sisi watoto wa Kabuta, kijiji cha kando ya ziwa, hadithi haikuwa na kitufe cha kuirukisha mbele. Ukitaka kujua kilichompata mtu ulingoja Jumapili nyingine, na wiki nzima unateka maji na kufukuza bata kwenye dagaa walioanikwa.

Mtu wetu alikuwa profesa wa uchumi, Mmarekani wa karne ya kumi na tisa. Baba, mchuuzi wa samaki aliyehamia kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, alikiokota shuleni kitabu cha maisha ya profesa huyo, kilipotupwa baada ya mchwa kula jalada. Kila Jumapili baada ya ibada alivaa miwani yake ya kioo kimoja, akasoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akatutolea Kiswahili. Majirani walikuja na viti vyao, na mama akawauzia vitumbua.

Tulimjua profesa kuliko wajomba zetu. Alizaliwa kwa mkulima maskini, akasoma mpaka akafundisha chuo kikuu. Huko akasema matajiri wa reli wanawanyonya wakulima, kumbe matajiri haohao ndio wenye chuo. Wakamfukuza. Siku hiyo Kabuta nzima ilikasirika. Jirani yetu Bana Chola, yaani mama yake Chola, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa, alisimama: "Professeur ni mutu muzuri! Juu ya nini hakumupiga ule tajiri?"

Sasa kosa langu. Nilikuwa na miaka tisa. Mteja alikuwa anakimbilia mashua ya Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, vitumbua vya moto, karatasi imekwisha. Nikachana ukurasa wa mwisho wa kitabu, nikamfungia. Mashua ikaondoka na mwisho wa profesa.

Jumapili iliyofuata uwanja ulijaa. Kila mtu alitaka kujua kama alirudishiwa kazi yake. Baba alifika penye mchaniko, akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikuwa mtu wa kuja, na heshima yake pale ilisimama juu ya kusoma kwake. Wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba anatunga. Akisema ukurasa haupo, watasema na profesa hakuwepo.

Basi akaweka kidole penye mchaniko, akasoma. Alisoma kwamba matajiri waliomba radhi, wanafunzi wakambeba profesa juujuu mpaka darasani, akafundisha, akazeeka, akafa katikati ya wajukuu zake.

Hapo kwenye kufa ndipo alipokosea. Alidhani kifo kitamaliza maswali, na kwetu kifo ndicho kinachoanzisha kazi. Bana Chola alijitupa chini: "Mayo! Professeur wetu! Balimuzika wapi?" Wanawake wakaangua kilio, wanaume wakaenda kuleta kuni. Kesho yake watu wa Kilwa wakafika na unga na samaki. Tulikaa matanga siku tatu kwa mtu aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa, na baba, kwa kuwa ndiye aliyehesabiwa ndugu wa karibu, alikaa mkekani akipokea pole kwa uso mzito. Mama alisonga nshima mpaka mikono ikamvimba.

Nilingoja fimbo. Wageni walipoondoka, baba aliniita. "Mutoto," akasema, "siku ingine uchane katikati. Mwisho ni ya batu bote."

Siku hizi mjukuu wangu, hapa Nchelenge, anahani misiba kwenye simu: anabonyeza kikatuni cha machozi huku anatafuna chipsi. Juzi nilimsimulia haya, akacheka mpaka akapaliwa, kisha akachomoa simu yake.

"Kambo," akaniita kama wajukuu wote wa kwetu, "tumutafute. Sasa hivi tutajua alikufa namna gani, na kama kazi walimurudishia kweli."

Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kuandika. Nilimkumbuka baba. Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Wacha," nikamwambia. "Ule mutu tulishamulilia."